Video ya Uzi

Enzi zetu, hofu ilikuwa na saa zake. Ilianza Jumamosi saa nane mchana, nguo zikishafuliwa na sufuria zikishasuguliwa kwa majivu, na ilitungoja ndani ya nyumba ya mabati nyuma ya ploti yetu huko Landless, mjini Thika. Jumanne hukuipata. Hukuibeba mfukoni, kama watoto wa leo wanavyobeba mizuka ya kila nchi ndani ya simu. Ulimshika ndugu yako mkono, mkaenda kuogopa pamoja na wenzenu, na saa kumi na moja mkarudi nyumbani kunywa chai.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Baba Nyambura, fundi wa redio. Ndani kulikuwa na televisheni moja juu ya meza ndefu, mashine ya kaseti iliyofungwa kwa mpira ili mdomo wake usifunguke ovyo, na mabenchi yaliyotuachia vibanzi mapajani. Madirisha yalizibwa kwa magunia ya kahawa. Jua lilipenya kwenye matundu ya misumari likatuangukia vichwani, doa moja moja, na ukikinga kiganja ungeweza kulishika doa lako ukalitazama likitetemeka. Kulinuka njugu, soksi na mafuta ya nywele. Upepo ukigeuka, uliingia utamu wa mananasi yanayopikwa kiwandani, utamu mzito ambao mtoto wa Thika aliuzoea hadi akienda kwa shosho, bibi yake, anashangaa kukuta hewa haina ladha.

Baba Nyambura hakuonyesha video tu. Alizisema. Alisimama kando ya televisheni na antena iliyovunjika mkononi kama fimbo ya mwalimu, akapunguza sauti, na watu wote wa kwenye kioo, Wachina, Wahindi, Wazungu, wakaanza kuzungumza kwa kinywa chake, Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu kama mahindi na maharagwe kwenye githeri. Majambazi aliwapa sauti ya chifu wetu. Wanawake warembo aliwapa sauti ya dada zake. Wapenzi wakikaribiana alisimama mbele ya kioo, akatuambia, "Hapa wanaagana," na kuagana huko kulichukua dakika nzima tukitazama mgongo wa koti lake. Hatukuuliza alijifunza Kichina wapi. Na alitufundisha sheria moja tuliyoiamini kuliko hesabu za kujumlisha: akta, yule mkubwa wa video, hakufangi, yaani hafi kamwe.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Ndugu yangu Kimani alikuwa na saba, ndio mwaka wake wa kwanza shuleni. Baba yetu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, tukimwona Krismasi. Mama alikuwa kiwanda cha nguo, idara ya kusokota nyuzi, na kila Jumamosi alirudi jioni na nyuzinyuzi nyeupe kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka njiani. Kwa hiyo video ndiyo iliyotulea Jumamosi. Mama alijua, na alitoa onyo moja tu: tusimlete Baba Nyambura nyumbani kwake. Yaani tusije tukaanza kuongea kama yeye mezani.

Ilikuwa muhula wa pili, baridi ya Julai, ile baridi ya ukungu inayokaa juu ya mji hadi saa sita. Baba Nyambura akaja na kaseti isiyo na jalada wala jina. Ilisahauliwa ndani ya mashine iliyoletwa kutengenezwa, na mwenyewe hakuwahi kuirudia.

Mpaka leo sijaona kitu kizuri kikiogopesha vile. Nyumba kubwa yenye kuta za kijani kama kidimbwi. Sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe. Mwanamke wa nywele zilizokatwa sawasawa juu ya nyusi, ndani ya koti refu la manjano, anatembea bila viatu. Hakuna anayepiga kelele. Kunalia kengele moja tu, mbali, kisha kimya. Halafu chini ya mlango unaingia uzi. Uzi mwekundu wa kufumia, wa kawaida kabisa, kama ule wa duka la Kihindi pale mjini ambako Mama alinunua wa sweta zetu. Unatambaa juu ya vigae, unakata kona, unapanda ngazi. Haumshiki anayetembea. Unamshika anayesimama. Mpishi alisimama kuonja supu. Mtunza bustani alisimama kumtazama ndege. Uzi ukaanza kwenye vifundo vya miguu yao, ukazunguka taratibu, karibu kwa adabu, mpaka wakawa bobini kubwa za uzi zilizopangwa kando ya ukuta.

Siku hiyo hata Baba Nyambura aliteremsha sauti. Alisahau kututafsiria, akawa anamsemesha yule mwanamke mwenyewe. "Usisimame, mama," alimwambia. "Wewe tembea tu."

Mwanamke akafika mlango wa mwisho. Amechoka, anahema, ameegemeza kiganja kwenye ubao. Uzi umebakisha vigae vitatu kufikia kisigino chake.

Stima zikapotea.

Kioo kilibaki na nukta moja nyeupe, nayo ikafa. Tulingoja mpaka chai ya watu wote ikapoa majumbani kwao, stima hazikurudi, na Baba Nyambura akatufungulia mlango. Tukaenda nyumbani na nusu ya hadithi. Nusu ya hadithi ni kama nusu ya daraja. Watu wazima wanageuka, mtoto anabaki pale pembeni akitazama chini.

Video nyingine zote tulizisahau wiki ileile. Hii ilihamia mtaani. Nyambura, binti wa fundi, rafiki yangu, alichukua mkasi wa mama yake tukakatana nywele za mbele ili zilale juu ya nyusi kama za yule mwanamke. Zetu hazikulala. Zilisimama wima kama watu walioitwa na polisi. Fundi wa nguo wa ploti yetu alishona makoti matatu ya manjano mwezi huo, na mabinti wakubwa waliyavaa kwenda kanisani kwa mwendo wa pole, shingo mbele, kana kwamba wanasikia kengele. Tukatunga mchezo, tukauita Uzi. Mmoja ana kamba, wengine wanazunguka uwanja, na atakayesimama tu amezungushiwa. Hakukuwa na mahali pa kupumzika ndani ya mchezo ule. Ulichezwa hadi mtu akaanguka.

Shida ni kwamba hatukujua kuuacha uwanjani. Jumatatu bendera ikipandishwa, mwalimu wa zamu aliona kitu kipya: watoto wote wa Landless wanatikisika. Mguu huu, mguu ule, vidole vikicheza ndani ya viatu, mbele ya bendera ya taifa. Alitutazama kwa muda mrefu, akaenda kuongea na mwalimu mkuu, na Jumatano shule nzima ikapewa dawa ya minyoo.

Lakini kwa Kimani haukuwa mchezo.

Jumamosi ile, stima zilipopotea, alikuwa amevaa sweta ya shule. Ilikuwa nyekundu, Mama aliifuma mwenyewe, na ndiyo nguo nzito pekee aliyokuwa nayo. Tukipita kwa fundi wa baiskeli, mkono wa sweta ulinaswa na seng'enge ya ua. Hakuona. Alivuta, akaendelea. Hatua hamsini mbele aligeuka, akaona uzi mwekundu umelala barabarani, umetoka kule kwenye ua, unamjia. Akafanya vile video ilimfundisha: hakusimama. Alikimbia. Na kadiri alivyokimbia ndivyo uzi ulivyomfuata, ukapita mbele ya kioski, ukavuka mtaro, ukaingia naye kwenye ploti. Nilimkuta chini ya kitanda. Sweta ilikuwa imebaki na mkono mmoja.

Mama alifuma mkono mwingine Jumapili, akinung'unika kuhusu watoto wanaochezea nguo. Jumatatu Kimani akaivaa, akafika paredi, akasimama kwenye mstari wa darasa la kwanza kwa muda wa ubeti mmoja wa wimbo wa taifa. Kisha akaivua kupitia kichwani, akaitupa, akatoka mbio kupitia geti. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano alikataa kuivaa akarudishwa getini, kwa sababu shule yetu haikupokea mtoto bila sweta. Karibu wiki mbili zikapita hivyo. Kina mama wa kanisa walikuja wakamwombea. Mjomba akatoka Gatanga, akasema dawa ni kiboko. Mama hakumchapa. Alimuuliza tu, kila jioni, kuna nini, na Kimani akafunga mdomo.

Nami nilifunga wangu. Hili halinipendezi kuliandika. Nilijua kila kitu, nilikuwa nimeuzungusha uzi ule kwenye kidole changu mwenyewe nikiuokota barabarani. Lakini nilijua pia kwamba Mama akisikia ni video, Jumamosi zangu zimekwisha.

Alhamisi ya wiki ya pili mwalimu mkuu alimwita Mama. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa maneno machache, na alisema machache. Jumatatu Kimani asimame paredi na sare kamili kama wenzake, la sivyo akae nyumbani, ajaribu tena mwaka ujao.

Mama alirudi akakaa kitandani bila kuvua kitambaa cha kichwa. Niliketi karibu naye nikichambua ndengu. Aliniambia bila kunitazama kwamba hata yeye aliambiwa mwaka mmoja tu. Alikuwa darasa la tatu, mama yake alikuwa amejifungua, akaambiwa abaki kuangalia mtoto, atarudi Januari.

"Mtoto hazoei kukosa shule miaka saba, Njeri," alisema. "Anazoea mmoja. Ile mingine inakuja yenyewe."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nyumba ya kijani, kengele, mpishi, mwanamke wa koti, stima. Alisikiliza huku akifunga upya kitambaa chake. Alipomaliza kufunga, alinyanyuka akatoka, nami nikamfuata, nikijua naenda kuzika Jumamosi.

Baba Nyambura alikuwa mlangoni kwake, redio imefunguliwa tumbo mapajani. Mama hakumpa salamu.

"Baba Nyambura, ulionyesha mtoto wangu nini?"

Alisema ni video tu, Mama Njeri, watoto wanapenda.

"Basi imalizie."

Alisema angependa sana, ila kaseti imeliwa na mashine, imekatika vipande vipande, ni hasara kubwa. Nyambura akatoa kichwa nyuma ya pazia. "Si ile iko juu ya kabati, Baba?"

Baba Nyambura aliiweka redio chini, akamtuma Nyambura mahali, mbali, kisha akasema ukweli. Stima ziliporudi kesho yake aliitazama peke yake mpaka mwisho. Mwanamke anasimama. Uzi unamzungushia. Kengele inalia, kisha majina ya watu yanapanda, basi. Tangu hapo kaseti hiyo hakuigusa, hata yeye. "Mwisho wake si mzuri, Mama Njeri. Nikiwaonyesha hiyo, hata hawa wengine hawatavaa sweta."

Mama alifikiri. Namwona mpaka leo, mikono yake yenye nyufa za pamba imeshikana mbele ya leso.

"Hao watu hawaongei," alisema. "Ni wewe unawaongelea. Sasa ongea vizuri."

Alinigeukia akanikanya nisimwambie Kimani neno, si leo, si kesho, si nikiwa na wajukuu. Ijumaa jioni alipita mlango kwa mlango kwenye ploti yetu, na Jumamosi aliomba ruhusa kazini, kitu ambacho hakuwa amekifanya hata akiwa na homa.

Nyumba ya video haijawahi kujaa vile. Mabenchi ya mbele yalikuwa ya watoto kama kawaida, lakini nyuma walisimama watu wazima ambao hawakuwahi kuingia humo: mama wa mboga, fundi wa nguo, mzee wa maziwa na mkebe wake, wanawake wawili wa kiwandani, mabega yao yakigusana chini ya matundu ya jua. Kimani aliketi kati yangu na Mama, bila sweta. Mama alikuwa ameileta. Ilikuwa imekunjwa mapajani mwake.

Baba Nyambura hakurudia mwanzo. Alipeleka kaseti mpaka mlango wa mwisho. Mwanamke akahema, akaegemeza kiganja. Uzi ukakaribia. Kimani akaficha uso kwenye leso ya Mama.

"Sasa hapa," alisema Baba Nyambura, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya fundi anayekueleza redio yako ina nini, "hapa huyu mama anajiambia: nimekimbia siku nzima, na sijauliza huu uzi unataka nini. Wacha niuulize. Wewe uzi, unataka nini?"

Kwenye kioo mwanamke aligeuka. Midomo yake ilisogea. Ilisogea muda mrefu, na Baba Nyambura alikuwa na kazi ya kuijaza.

"Uzi unasema: mama, nimekufuata nyumba nzima nikitaka kukupima. Mabega, mikono, kiuno. Kila nikifika karibu unatoroka. Hii nyumba ni baridi, vigae vyote hivi, na wewe huna viatu. Nataka kukufumia sweta, lakini nani anaweza kufumia mtu anayekimbia?"

Mtu alicheka nyuma. Uzi ulikuwa umefika magotini.

"Ni ukweli," Mama alisema kwa sauti, kwa chumba kizima. Mama, ambaye kanisani hakuwahi kutoa hata ushuhuda. "Mimi nimefanya na nyuzi miaka tisa. Uzi hauna meno."

"Umesikia huyo? Anafanya kiwandani," Baba Nyambura alimwambia mwanamke wa kwenye kioo. "Basi simama vizuri, nyoosha mikono, upimwe."

Uzi ukapita kiuno, ukafika shingoni. Kengele ikalia. Kisha picha ikasogea karibu na uso wake, nayo ikakaa hapo. Macho yalikuwa wazi. Hayakupepesa.

"Huyo amekufa," alisema Kanyi, kijana wa darasa la saba aliyekaa mbele, mwenye mdomo mpana kuliko benchi.

Nilihisi Kimani akiinua kichwa. Baba Nyambura hakugeuka hata kidogo.

"Kanyi, ni mara yako ya kwanza kuona video? Akta hakufangi. Huyu amelala. Amepata joto, amelala."

"Na macho?"

"Sungura analalaje? Ama kwenu sungura anavaa miwani?"

Watu wakacheka, na mzee wa maziwa akasema ni kweli, yeye amefuga, sungura hulala akikuangalia. Mama wa mboga akasema hata mumewe. Fundi wa nguo akasema huyo mama amelala vizuri sana, na hiyo sweta imemkaa. Kila mtu alikuwa na neno la kuongeza. Walibishana kuhusu usingizi mpaka majina yakapanda, yakaisha, kioo kikawa buluu. Kanyi alitazama huku na huku, akaona yuko peke yake, akanyamaza.

Kimani alinyoosha mkono akachukua sweta mapajani mwa Mama. Hakuivaa. Aliishika tu, kama mtu anavyomshika kuku wa jirani.

Jumatatu niliimba wimbo wa taifa nikiwa nimegeuza shingo. Alikuwa mstari wa kwanza, wa nne kutoka mwisho, mwekundu. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mkono wake mmoja ulikuwa umeushika mwingine kwenye pindo, palipofumwa upya. Wa tatu ukaisha, bendera ikafika juu, mwalimu akasema tulegee, na Kimani hakulegea. Alibaki amesimama kama mti uliopandwa hapo na wazungu, mpaka mwenzake akamsukuma waende darasani. Mwalimu mkuu alisimama kwenye ngazi za ofisi yake akamtazama akipita. Alishuka akamfungia kifungo cha shati.

Hayo yote niliyaweka ndani nikakua nayo. Siri niliitunza, na huku nikiitunza niliandika. Riwaya yangu ya kwanza ina mwanamke anayetembea bila viatu kwenye nyumba ya kijani, na watu wa vitabu waliponiuliza nimeathiriwa na nani, nilitaja waandishi wakubwa, nikawaona wakitikisa kichwa kwa heshima. Nilipaswa kusema fundi wa redio.

Mwaka huu ile video imerudi. Nilikuwa Nairobi kwenye kikao cha waandishi vijana, nikamwona msichana amevaa fulana yenye picha: nywele juu ya nyusi, koti la manjano, uzi shingoni. Nilimshika mkono kabla ya kumsalimia. Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba ni filamu ya zamani sana, auntie, haikupendwa ilipotoka, lakini sasa imesafishwa, na watu wa mitindo na wa sinema dunia nzima wanaiabudu, na kwamba nisingeweza kuwa nimeiona. Nina miaka thelathini na sita. Nilikubali kuitwa auntie, nikaomba anitumie.

Niliitazama nyumbani kwangu Kamenu, saa nne asubuhi, mapazia wazi, tafsiri ikipita chini ya picha. Rangi zilikuwa nzuri kuliko nilivyokumbuka. Na Baba Nyambura alikuwa amekosea kila kitu. Mpishi hakuwa mpishi, alikuwa kaka wa yule mwanamke. Pale mwanzoni alipomfanya mwanamke aseme kwenye simu, "Wekeni chai, niko njiani," mwanamke alikuwa anaambiwa mama yake amefariki. Mwisho ulikuwa vile vile, uso, macho. Chini yake hapakuandikwa kitu, kwa sababu mwishoni, kumbe, mwanamke hasemi neno. Midomo ile ilikuwa inatetemeka tu.

Nikaogopa, hofu ya siku ya Jumanne. Kimani ana simu kama watu wote. Leo au kesho uzi ule ungemfikia, bila mtu wa kumsimulia.

Anaishi Membley, pale Ruiru, na mke wake na binti yao Wairimu, aliyepewa jina la Mama. Anafundisha fizikia. Jumapili nilimkuta ameketi uani akimenya viazi, mke wake amekwenda kumtembelea mgonjwa, na Wairimu, miaka tisa, amejikunja kwenye kiti cha mbali na visikizio masikioni, akitazama kitu kilichomfanya aume kola ya gauni. Nilisaidia viazi kwa muda. Kisha nikamwambia Kimani kuna jambo Mama alinikanya nisimwambie, na huu mwaka nimeona nivunje. Ile video ya uzi.

"Yule mama alikufa," alisema.

Nilimuuliza nani alimwambia.

"Njeri, macho yalikuwa wazi. Nilikuwa na miaka saba, sikuwa kipofu. Na Kanyi alisema."

Nikamuuliza, basi Jumatatu ile alisimamaje. Alitupa kiazi majini, akachukua kingine, akakizungusha bila kukimenya.

"Kanyi aliposema vile, niligeuka nyuma. Nilitaka kujua kama kuna mtu mwingine ameona. Wote walikuwa wameona. Mzee wa maziwa alikuwa ananiangalia mimi, haangalii video. Na anaapa juu ya sungura. Watu wazima wote wa ploti, na Mama ameacha kazi siku hiyo, wamesimama kwa joto la yale mabati wanadanganya pamoja, kwa ajili yangu." Alitabasamu kidogo. "Nikajiambia, huo uzi ukija, kwanza utapitia kwa hawa. Wacha nisimame."

Miaka yote nilidhani hadithi nzuri ni ile inayoaminiwa.

Wairimu alikuwa ameshusha kisikizio kimoja. Akauliza ni mama gani alikufa.

"Wa kwa video," Kimani alimwambia. "Ya kitambo."

Akauliza kama inaogopesha. Akauliza kama iko kwa simu ya shangazi. Nikamtazama Kimani, naye akanitazama, na nilijua anahesabu kile ninachohesabu: kwamba akikataa, ataipata mwenyewe kesho.

"Iko," alisema. "Na mwishoni anakufa, maitu, mama yangu, nisikudanganye. Kuja ukae hapa katikati. Nitakuonyesha, halafu nikwambie vile tulifanya."

Enzi zetu tulikuwa na video moja na watu arobaini. Watoto hawa wana video zisizohesabika, kila moja na tafsiri sahihi, na kiti cha mtu mmoja. Hawajui stima zikipotea katikati. Hawajui kungoja wiki mbili wakiwa na nusu ya daraja kifuani. Sitaki kuwaonea. Wanaona rangi ambazo sisi hatukuziona, na mtoto anayejua mpishi alikuwa nani hawezi kudharauliwa na mimi niliyedanganywa na fundi wa redio. Lakini mara nyingi ninapowaona wakiuma kola zao kimya kimya, natamani mtu awasogelee, asimame mbele ya kioo kwa muda, aseme hapa wanaagana.

Wairimu alivua visikizio vyote viwili, akaviweka juu ya maganda ya viazi. Akaja akajibana kati yetu, kiwiko chake kwenye mbavu zangu. Kimani akapunguza sauti ya simu mpaka mwisho, akakohoa, na akaanza.